Wiki Mbili za Kupumzisha Mwili

Tangu ajifungue, mdogo wangu hakununua tena wembe. Nywele za kwapani zilipukutika zote. Zile walizomnyoa hospitali kabla ya kumpasua hazikuota tena, na nyusi zikabaki nusu. Mimi nina duka la vipodozi Tunduma na nyembe ninazo kwa boksi, kwa hiyo nikawa namtania: "Wewe umebarikiwa, sema unaniharibia biashara." Alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. Tulifanya utani huo miaka sita, wala haikutujia akilini kwamba hilo ni jambo la kumwambia daktari.

Alikuwa ameolewa Isansa, kwa watu wa kahawa na mahindi. Mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye wa mwisho, alitolewa kwa upasuaji. Mtoto wa kike, mzima, sauti kama king'ora. Saa moja baadaye mama yake akaanza kuvuja damu. Sitaki kuieleza sana ile damu. Nilikuwepo, na viatu nilivyovaa siku ile sikuvivaa tena. Walimwongezea damu chupa baada ya chupa, akapotea, akarudi, akapotea tena, na siku ya tatu akafungua macho akaomba chai. Tukaimba. Tulidhani yameisha.

Maziwa hayakutoka. Hata tone. Nilimchemshia uji wa ulezi na karanga, nikamkanda kwa taulo la moto, mtoto anavuta mpaka anazimia kwa hasira, wapi! Kifua kikabaki kama cha msichana wa darasa la sita. Huko kijijini maneno yakaanza. Wengine walisema maziwa yamefungwa na mtu. Wengine, wenye midomo michafu zaidi, walisema amembemenda mtoto, yaani amelala na mwanamume wakati wa kulea. Jamani, mtu ana mshono wa siku tisa! Niliwaka siku hiyo mpaka mashemasi wakaja kunituliza.

Aliyemwokoa mtoto yule ni mama mkwe wake. Lazima niliseme hili mapema, maana miaka ile sikulisema. Alikuwa mjane mfupi, mkavu, mwimbaji wa kwaya, Mnyiha wa kuzaliwa na kufia kwenye mibuni yake. Alichukua maziwa ya ng'ombe, akayachemsha na maji, akamlisha mjukuu kwa kijiko mchana kutwa. Lakini alikuwa na ulimi. Mdogo wangu alipoanza kulala hovyo, kuvaa sweta mbili jua likiwaka, kukaa chini kila baada ya mistari miwili ya kahawa, yule mama alisema mbele za watu, "Mwanangu ameoa paka. Kazi yake kuota moto na kulala." Mdogo wangu alinisimulia kwenye simu akilia. Nikamwekea yule mama kinyongo tangu siku hiyo, na mimi kinyongo changu hakipoi upesi.

Miaka sita. Hedhi haikurudi, mimba haikuingia, ngozi ikapauka kama ya mtu aliyepakwa vumbi, sauti ikawa nzito na ya polepole. Alikuwa akisimama ghafla anashika ukuta. Mumewe, shemeji yangu, hakuwa mtu mbaya, lakini ndugu zake walimchosha na maneno mpaka akaoa mke wa pili. Mdogo wangu hakupinga. Aliniambia, "Dada, hata nguvu ya kukasirika sina." Nilimjibu kwamba nitamkasirikia mimi, na nikafanya hivyo, kwa simu, kwa dakika arobaini.

Mwisho nikampeleka Mbeya. Tulikuwa tumezunguka sana kabla ya hapo. Alishaombewa, akanywa mizizi, akachomwa sindano za malaria ambayo hakuwa nayo. Huko Mbeya tulimkuta daktari mmoja wa kike, mdogo kuliko sisi wote wawili, ana miwani na mafua. Alimtazama mdogo wangu usoni muda mrefu, akamwambia avue kilemba. Halafu akauliza maswali matatu. Ulipojifungua ulitoka damu nyingi? Maziwa yalitoka? Nywele za mwili zipo? Mdogo wangu akaanza kulia pale pale kwenye kiti. Miaka sita hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza vitu hivyo kwa mfululizo.

Baada ya vipimo, tuliporudi kuchukua majibu, daktari alichukua karatasi akachora kichwa cha mtu kwa upande. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, akachora kitu kidogo kinachoning'inia kwenye kikonyo. Akasema hiyo ni tezi ya pituitari, na ukubwa wake ni kama punje ya kahawa. Mdogo wangu akacheka, akasema, "Hata huko ndani nina kahawa?" Daktari naye akacheka, akapiga chafya, akaendelea.

Alisema punje ile ndiyo inayozituma tezi nyingine. Inaiambia tezi ya shingoni itoe homoni ya kuupa mwili joto na mwendo. Inaziambia ovari mwezi umefika. Mtoto akizaliwa inaliambia ziwa litoe maziwa. Na inaziambia tezi mbili zilizokaa juu ya figo zitoe homoni inayoitwa kotisoli, ambayo bila hiyo mtu hawezi kuamka kitandani, hawezi kuhimili homa, hata damu yenyewe inakosa msukumo wa kupanda kichwani. Mwanamke akiwa mjamzito punje hiyo huvimba ili kujiandaa kwa kazi ya maziwa, na ikivimba inahitaji damu nyingi kuliko kawaida. Sasa mzazi akivuja damu kupita kiasi, yenyewe inakosa, inakufa. Mtu anapona, anaimbiwa, anarudi nyumbani, na ile punje imeshakufa kichwani.

"Kwa hiyo shingo yangu ni mbovu?" mdogo wangu akauliza.

"Shingo yako nzima. Figo nzima. Ovari nzima. Hakuna wa kuziambia zifanye kazi."

Nilielewa haraka kuliko alivyodhani. Mimi nakaa Tunduma. Nimeona mtandao wa forodha ukikatika, malori yamepanga foleni toka mpakani mpaka huko nje ya mji, mzigo upo, dereva yupo, mafuta yapo, na hakuna gari linalosogea kwa sababu hakuna wa kugonga muhuri. Nikamwambia daktari hivyo. Akasema ndivyo hasa, akaniuliza nimesoma wapi. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Dawa zilikuwa aina mbili. Vidonge vidogo vyeupe vya kushika nafasi ya kotisoli, na vingine vya kushika nafasi ya homoni ya shingo. Vyeupe vilitangulia, vile vingine vikafuata baadaye. Hedhi na uzazi alisema tusivipe tumaini kubwa. Halafu daktari akavua miwani, akamshika mdogo wangu mkono. "Hivi vyeupe haviachwi," akasema. "Hata siku moja. Watu wengine wakiugua, pituitari yao inaona hatari, inaagiza kotisoli iongezwe. Wewe huna wa kuagiza. Ukipata homa, unameza mara mbili. Ukitapika, unakimbilia hospitali uchomwe sindano. Pituitari yako ni wewe mwenyewe sasa." Akayaandika yote kwenye daftari la kliniki kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

Nilisikia. Nataka ieleweke kwamba nilisikia kila neno.

Ndani ya wiki tatu mdogo wangu alifufuka. Sina neno jingine. Alivua sweta. Alichuma kahawa mistari yote hadi mwisho, akarudi akapika, akanipigia simu kuniambia kwamba ameweza kumkimbiza kuku. Na yule mama mkwe, Mungu wangu, alibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Alimwomba msamaha mkwewe mbele ya wanakwaya wenzake kwa kumwita paka. Akachukua jukumu la dawa. Vidonge alivitia kwenye kopo la majani ya chai, daftari la daktari chini yake, kopo juu ya kabati. Kila asubuhi baada ya uji alisimama mbele ya mdogo wangu: "Meza. Fungua mdomo nione." Mdogo wangu akampa jina la utani. Nikimpigia asubuhi, namsikia anasema, "Subiri dada, pituitari inaniita."

Nilicheka, lakini ilinichoma. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo. Mimi ndiye niliyemsuka nywele, niliyemfundisha kuvaa kitambaa cha hedhi, niliyemlipia ushonaji. Na sasa akisema "mama", hakuwa anamaanisha mama yetu wala mimi. "Mama amesema." "Mama amekataa." "Ngoja nimuulize mama." Wivu ule sikuujua kwa jina lake wakati huo. Niliuita kujali.

Sasa nieleze kuhusu duka langu. Mbele nauza mafuta, sabuni, nywele bandia, nyembe. Chini ya kaunta, kwenye mfuko mweusi, nilikuwa na bidhaa nyingine. Wanawake wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wanakuja, wa Zambia wananisalimia "mulishani" kwa sauti ya juu, halafu wanainama na kunong'ona: wanataka za kunenepa, za kujaza mashavu, za shepu. Nilikuwa nawapa vidonge vya aina mbili vilivyochanganywa kwenye kipakiti. Aina mojawapo ilikuwa vidonge vidogo vyeupe. Vile vile, jamani. Siku daktari wa Mbeya alipoviweka mezani, nilivitambua kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo mimi nilijiona fundi. Daktari alikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na miaka kumi na moja ya wateja. Nilijua vinavyofanya kazi, nilijua vinavyoharibu. Nimeona uso unavyovimba ukawa duara, ngozi ya tumbo inavyochanika mistari, mifupa inavyouma. Mteja wangu mmoja, mwanamke mcheshi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alipata kisukari, mguu ukaoza kidole. Kwa hiyo sisi wauzaji tuna sheria yetu, na kila mmoja anaijua pale sokoni: mteja akimeza mwezi, mwambie apumzishe mwili wiki mbili. Nilikuwa naitoa sheria hiyo bila kufikiri, kama ninavyosema karibu tena.

Mdogo wangu alikuja kunitembelea, mwaka mmoja na kidogo tangu aanze dawa, kabla mavuno ya kahawa hayajachanganya. Alipoingia dukani wateja waligeuka. Alikuwa amejaa. Mashavu yanang'aa. Mmoja akaniuliza kwa jicho, "Huyu unampa zipi?" Wengine wangefurahi. Mimi niliogopa. Nilimtazama yale mashavu nikaona uso wa yule wa Nakonde. Nikamfunua blauzi chumba cha nyuma, nikakuta mstari mmoja ubavuni, mwembamba, labda ulikuwa wa ujauzito. Mimi nikaona ngozi imeanza kuchanika.

"Umepumzisha lini?" nikamuuliza.

"Haviachwi, dada. Si ulikuwepo?"

"Kila daktari husema hivyo. Mimi nimekaa na vidonge hivi miaka kumi na moja. Mwaka mzima bila kupumzika utakufa na kisukari. Wiki mbili tu. Unakaa hapa hapa kwangu, nakuangalia mwenyewe."

"Mama atanigombeza."

Basi. Neno hilo. Kama angesema "daktari atanigombeza" pengine ningefikiri. Tukarudi mbele, nikachukua simu palepale dukani, nikampigia mama mkwe wake, nikaweka sauti ya nje ili na mdogo wangu asikie ninavyompasha. Nilimsalimia, shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza. Akakataa. Akasema daftari limeandikwa, yeye hajui sana kulisoma lakini mjukuu amemsomea, na mstari umepigwa chini. Nikamwambia, "Mama, wewe unajua mibuni. Dawa niachie mimi." Nikasikia kuku nyuma yake. Halafu akapaza sauti, na watu wote dukani walisikia, na huko kwake mwanawe na ndugu zake waliokuwa wanapalilia karibu walisikia pia: "Ukimwachisha zile dawa utaniletea maiti! Nasema utaniletea maiti, tena mwezi huu huu!"

Nilikata simu. Nikawaambia wateja, "Mnasikia mkwe anavyomwombea mke wa mwanawe?" Wakatikisa vichwa. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anazungusha pete. Akaniambia, "Sawa dada. Wewe ndiye mkubwa." Alikuja na vidonge vya safari kwenye pochi, daftari lilibaki kwenye kopo Isansa. Alinikabidhi vile vyeupe. Vile vya shingo nilimwachia ameze, kwa kuwa hivyo sikuwa navijua na sikuwa na neno navyo.

Siku mbili za kwanza hakuna kitu. Siku ya tatu alisema miguu mizito. Nikamwambia ni mwili unazoea, wateja wangu nao wakiacha huchoka, na kweli huchoka, hilo sikulitunga. Siku ya tano alikataa kula. Harufu ya vitunguu ilimtoa nje. Nikampa soda na chumvi kidogo, akachangamka, nikajipongeza. Siku ya saba sweta ilirudi. Akaniomba, kwa sauti ile ya zamani ya polepole, "Dada, kimoja tu." Nikamwambia, "Vumilia, tuko nusu." Nilimwambia hivyo mimi.

Siku ya tisa aliamka anatapika na kuharisha. Huenda ni maji ya kisima, mtaa mzima ulikuwa unalalamika matumbo siku zile. Mtu mwingine angekaa chooni siku mbili akapona. Nilipomwinua alikuwa baridi na ameloa, midomo imepauka, akanitazama kama haelewi mimi ni nani. Nikamfunga kwenye bajaji kwa kanga mbili, tukakimbia kwenye zahanati iliyo karibu.

Tabibu wa zamu alikuwa kijana makini, sina la kumlaumu. Akapima presha mara tatu, akidhani kipimo kibovu. Akatundika dripu. Huku anatafuta mshipa akaniuliza kwa haraka, "Ana ugonjwa wowote wa zamani? Kuna dawa anatumia?"

Nikasema, "Hapana. Kwa sasa hatumii dawa yoyote."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi, na kila mara nataka kulitafutia mlango wa kutokea. Lakini najua kilichonifunga mdomo. Ukutani nyuma yake palikuwa na bango la kuonya kuhusu vidonge vya kunenepesha, wamechora mwanamke amevimba. Niliogopa nikivitaja ataniuliza vimetoka wapi, mimi ni nani, nafanya kazi gani. Kwa hiyo nikasema kitu ambacho kwa siku hiyo kilikuwa kweli. Akaandika.

Dripu ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia, presha haikupanda. Kijana wa watu akawa anatoka jasho. Mdogo wangu akaanza kuongea Kinyiha, lugha ya ukweni, anamwita mama. Hapo ndipo nilipomwambia tabibu kila kitu, punje, damu, Mbeya, vidonge, siku tisa. Aliruka. Hakunitukana hata kidogo. Alikimbia mwenyewe kuifuata sindano ya kotisoli, akaichoma, akaendelea kumkanda kifua wakati hata mimi nilishajua. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema, "Ungeniambia ulipoingia." Gari la kubeba mwili lilikuja baadaye.

Tulimzika Isansa. Kwetu, kabla jeneza halijashuka, mtu wa upande wa marehemu husimama na karatasi akasoma historia yake: alizaliwa wapi, akasoma wapi, ameacha nani, na aliugua nini. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hiyo niliiandika mimi. Nilikaa na kalamu mbele ya mstari wa ugonjwa kwa muda mrefu sana. Makaburini nilisimama, watu wamejaa mpaka kwenye mibuni, na nikasoma kwamba mpendwa wetu aliugua kwa muda mfupi, tumbo likamzidi. Mama mkwe wake alikuwa amekaa chini mbele yangu, amemfunika mjukuu kwa kanga. Alinitazama tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Nikakunja karatasi, mchungaji akaendelea.

Alichokifanya yule mama ni kunyamaza. Hakunishtaki kwa mtu. Na siku ya kuanua matanga, wazee wa ukoo walipokaa, walimgeukia yeye. Ndugu za shemeji walisema walisikia kwa masikio yao: alitamka maiti, akataja mwezi, na mwezi haukuisha. Wateja wangu wawili waliokuja msibani nao walishuhudia. Mimi ndiye niliyeweka sauti ya nje. Mzee mmoja akauliza, kwa haki kabisa, huo ugomvi ulihusu nini, na mwingine akamjibu kwamba ulihusu vidonge vya kunenepa, na hajawahi kuona mtu akifa kwa kuacha vidonge vya kunenepa. Watu huvimeza wakafa. Kila mtu mle ndani alijua hivyo, na sehemu ya ujuzi huo ilitoka chini ya kaunta yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, mita tatu toka kwa yule mzee. Nilikohoa. Nikatazama chini.

Shemeji alimwomba mama yake akapumzike kwa bintiye kwa muda, watu wapoe. Lakini watu hawapoi kwa jambo kama hilo. Alienda Ibaba, huko milimani Ileje, kwa binti yake aliyeolewa huko, na mkungu mmoja wa ndizi na nguo zake za kwaya. Nasikia huko nako habari zilimfuata, anaketi benchi la nyuma kanisani peke yake.

Vile vidonge nilivimwaga chooni vyote. Wateja wakahamia duka la jirani, wala hawakuuliza kwa nini. Miezi minne sikulala vizuri, nikampigia shemeji nikamwambia ukweli. Nilimweleza punje, malori, siku tisa, jibu langu kwa tabibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Shemeji, uchungu unakusumbua. Wewe ndiye uliyemhangaikia kuliko sisi wote. Usimbebee mama makosa yake." Nilipiga tena. Akaacha kupokea.

Basi nikapanda Ibaba. Nilimkuta anamenya viazi nje ya jiko la binti yake, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mikono myekundu kwa baridi. Nilipiga magoti. Nikasema shikamoo mama, akaitikia. Nikasema, "Mama, ni mimi niliyemuua."

"Najua," akasema.

"Nimemwambia shemeji. Hakusikia."

Alimenya kiazi hadi kikaisha, akakitia kwenye maji. "Siku ile ulikuwa na karatasi mkononi," akasema. "Watu wote walikuwa kimya, wanakusikiliza wewe. Wangesikia. Sasa hivi ukisema, nani anakusikiliza?"

Nilitaka anipige, anitemee mate, chochote. Alichukua kiazi kingine, akakigeuza geuza kutafuta macho yake, kisha akaweka kisu chini.

"Mtoto yuko kwa nani?"

Nikamwambia sijui. Tangu siku ya kuanua matanga nilikuwa sijakanyaga Isansa.